Risasi au nikeli: betri ipi kwa gari la umeme la mwaka 1912?

Mwaka 1912, Mmarekani aliyekwenda kununua gari la Detroit Electric alikuwa na uamuzi wa kufanya ambao mwenzake wa gari la petroli hakuuwaza: betri ya risasi au ya Edison? Ya risasi ilikuja na gari. Ya Edison, ya nikeli na chuma, ilimtaka aongeze dola 600. Kuanzia Oktoba ya mwaka huohuo, kiasi hicho kilinunua Ford Model T nzima ya kubeba familia.

Wanaosimulia habari hii leo huimaliza haraka: Edison alikuwa na betri bora, petroli ikaiua. Sikubaliani nao. Ukiziweka betri hizi mbili ubavu kwa ubavu, ukauliza gari litafanya kazi gani na nani atakayeongeza maji ya betri kila baada ya siku kadhaa, utaona dola 600 kwa mtu mmoja zilikuwa hasara tupu na kwa mwingine zilikuwa nafuu. Umbali unaokwenda kwa chaji moja, ambao ndio uliojaa kwenye matangazo, ulikuwa jambo dogo kuliko yote.

Ya risasi ilitoka wapi

Betri ya risasi ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859. Alichukua karatasi mbili za risasi, akazitenganisha zisigusane, akazikunja pamoja na kuzitumbukiza katika asidi ya salfuriki. Ndiyo betri ya kwanza iliyoweza kuchajiwa tena ikatumika. Tatizo ni kwamba risasi tupu haishiki umeme mwingi. Ilibidi uichaji, uimalize, uichaji kinyume, uimalize tena, kwa wiki na miezi, mpaka uso wa risasi ulike na kuwa na vinyweleo. Na wakati huo dainamo za maana zilikuwa bado, hivyo Planté alichajia kwa betri nyingine, zile zinazokula zinki mpaka zinaisha. Kifaa kizuri, lakini gharama yake ilikuwa ya maabara.

Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliruka safari yote hiyo. Badala ya kungoja risasi ijile yenyewe, aliipaka rojo la oksidi ya risasi juu ya sahani. Betri ikawa tayari kwa muda mfupi na ikashika umeme mwingi zaidi kwa uzito uleule. Kasoro yake ilionekana upesi: rojo lilibanduka. Mwaka huohuo Ernest Volckmar na John Sellon wakaja na sahani zenye matundu ya kushikilia rojo, na Sellon akaichanganya risasi na antimoni ili wavu usipinde. Aliyewahi kuona nyumba ya udongo inavyojengwa ameshaielewa sahani hii: wavu ndio fito, oksidi ndiyo udongo uliosindiliwa katikati. Na kama ukuta huo, ikitikiswa sana udongo hudondoka.

Basi hata kabla ya Edison kulikuwa na uchaguzi. Sahani ya Planté ni nzito, inashika kidogo, inaishi sana. Ya Faure ni nyepesi, inashika vizuri, inachoka mapema. Vituo vya umeme, ambako betri husimama mahali pamoja mwaka mzima, vilipenda ya Planté. Magari hayakuwa na la kuchagua, kwa kuwa gari linabeba betri yake lenyewe. Electrobat ya Morris na Salom iliyotembea Philadelphia mwaka 1894 ilikuwa na betri za kilo 725 hivi ndani ya gari la takriban tani mbili. Miaka mitano baadaye Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha La Jamais Contente huko Achères, karibu na Paris, kwa kilomita 105.88 kwa saa, gari la kwanza kupita kilomita 100. Betri zake za Fulmen zilikaribia nusu ya uzito wa gari. Zilifanya kazi kwa dakika chache, na dakika chache ndizo alizozihitaji.

Teksi za umeme za New York zilihitaji zaidi ya dakika. Kuanzia 1897 zilikuwa zinarudi kituoni, trei nzima ya betri inavutwa nje na nyingine iliyochajiwa inaingizwa. Wazo lilikuwa zuri kuliko betri yenyewe. Barabara za mawe zilitikisa sahani, haraka ya kuchaji ilizichemsha, na rojo likaendelea kushuka chini. Kampuni iliyozimiliki, Electric Vehicle Company, ilifilisika mwaka 1907. Si betri peke yake iliyoiangusha, kulikuwa na michezo ya hisa ndani yake, ila betri ilichangia sana.

Lakini mnunuzi wa 1912 hakuuziwa betri ya teksi za 1899. Hapa ndipo wengi huionea risasi. Miaka hiyo kumi na kitu watengenezaji, hasa Electric Storage Battery Company ya Philadelphia wenye chapa ya Exide, walikuwa wamepunguza unene wa sahani, wameweka vibao vyembamba vya mti uliotibiwa kati ya sahani na sahani, na mwaka 1910 walitoa Ironclad, ambamo rojo la sahani chanya limefungiwa ndani ya vibomba vya ebonaiti vyenye nyufa nyembamba: asidi inaingia, rojo halitoki. Maisha ya betri yakaongezeka sana. Ebonaiti hiyohiyo, yaani mpira uliopikwa kwa salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe, ndiyo iliyotengenezewa vyombo vyenyewe.

Hata hivyo chini ya kila chombo waliacha nafasi tupu, sahani zimekalia vijiti. Nafasi ya tope. Kila safari rojo kidogo hushuka, na siku tope likipanda hadi kugusa sahani, seli hujimaliza yenyewe usiku kucha bila gari kutembea. Ndipo fundi alipoitwa. Alikata viungo vya risasi, akapasha moto lami iliyoziba mdomo wa chombo, akanyanyua rundo zima la sahani likichuruzika asidi, akamwaga tope, akaosha chombo, akaweka vibao vipya vya mti, akarudisha na kuunganisha upya kwa moto. Kisha seli inayofuata. Gari lilikuwa na seli arobaini au zaidi.

Ya Edison ilivyokuja, na ilivyoaibika kwanza

Thomas Edison alichukia risasi na asidi. Kwake betri inayokula chombo chake yenyewe ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Karne ilipogeuka alianza kutafuta betri ya maji ya alikali, yaani kinyume cha asidi, na hakuwa peke yake: Msweden Waldemar Jungner alikuwa tayari ametengeneza betri ya nikeli na kadmiamu mwaka 1899 na alikuwa akijaribu chuma pia. Wawili hao waligombana kuhusu hataza, na mwenye mfuko mkubwa akaondoka na jina kubwa.

Edison alitangaza sana kabla ya kumaliza kazi. Mtindo wake wa kwanza, E, uliingia sokoni miaka ya 1903 na 1904, na muda si mrefu malalamiko yakaanza kurudi kwake New Jersey: makopo yanavuja kwenye viungo, na betri zinapoteza nguvu. Ndani ya sahani chanya alikuwa amechanganya nikeli na grafiti ili umeme upite, na grafiti hiyo ikashindwa kazi. Alisimamisha uzalishaji, akazirudisha betri mbovu, akajifungia tena. Mtindo mpya, A, ulitoka mwaka 1909. Kwa hiyo ukisoma sifa za betri ya Edison, angalia zinasema juu ya ipi. E ilistahili kukimbiwa. A ni kitu kingine kabisa.

Ifungue A uione. Chombo ni kopo la chuma lililopakwa nikeli na kuchomelewa, si ebonaiti. Ndani, sahani chanya ni safu ya vibomba vyembamba vya chuma vyenye vitundu vidogo, kila kimoja kimekazwa kwa pete za chuma kisivimbe. Kila kibomba kimesindiliwa tabaka juu ya tabaka, mamia ya tabaka: hidroksidi ya nikeli, kisha vipande vya nikeli safi, kisha hidroksidi tena. Vipande hivyo ndivyo vilivyochukua nafasi ya grafiti, na namna ya kuvipata inaeleza dola 600 zilikokwenda. Walipaka kwa umeme utando wa shaba, juu yake utando wa nikeli, tena shaba, tena nikeli, mara nyingi mno. Wakakata karatasi hiyo vipande vidogo vya mraba, wakaviloweka kwenye kemikali inayoyeyusha shaba. Shaba ikaondoka, nikeli ikabaki katika vijisehemu vyembamba kuliko kitu chochote ambacho mashine ya kawaida ingekata. Sahani hasi ni rahisi zaidi: vifuko bapa vya chuma vyenye oksidi ya chuma na zebaki kidogo. Maji ni hidroksidi ya potasiamu, nayo ilitiwa lithiamu kidogo, jambo ambalo liliiongezea betri uwezo na umri.

Hakuna kinachobanduka. Hakuna tope. Kiwandani walizidondosha na kuzigongesha kwa mashine, wakazipakia kwenye magari na kuyapeleka barabara mbovu makusudi. Mwaka 1910 gari la Bailey la Massachusetts lililofungwa betri hizi lilimaliza safari ya majaribio ya maili 1,000, nyingi zikiwa barabara za mashambani ambazo hata magari ya petroli yalizilalamikia.

Zikiwekwa pamoja

| | Risasi (Exide na wenzake, 1912) | Edison A |
|---|---|---|
| Volti kwa seli | 2.0 | 1.2 |
| Seli kwa gari | 40 na zaidi kidogo | 60 |
| Umeme kwa kilo moja | wati-saa 20 hadi 25 | takriban wati-saa 30 |
| Umeme unaorudi kati ya uliochaji | robo tatu au zaidi | kama asilimia 60 |
| Ikiachwa tupu mwezi mzima | inaharibika | haina neno |
| Baridi kali | inapungua | inalegea vibaya |
| Kujua chaji iliyobaki | pima uzito wa asidi | lazima mita |

Hesabu ya seli haikuwa bahati nasibu. Umeme wa nyumbani na gereji uliotumika kuchajia ulikuwa wa volti 110 wa mkondo mnyoofu (DC). Seli ya Edison mwisho wa chaji hupanda hadi volti 1.85, na 60 ya hizo ni 111. Ya risasi hupanda hadi karibu 2.5, ndiyo maana idadi yake ilikaa kwenye arobaini na kitu. Aliyeishi mtaa wenye mkondo geu (AC) alilazimika kununua pia kigeuzi cha mvuke wa zebaki, tungi la kioo linalowaka rangi ya kijani na zambarau katika giza la gereji. Gharama hiyo ilikuwa sawa kwa betri zote mbili, kwa hiyo iweke pembeni.

Mstari wa tatu wa jedwali ndio uliouza Edison. Uzito uleule, umbali zaidi kwa sehemu moja ya tano au hata nusu. Ila jiulize ungeutumia wapi. Detroit Electric ilitangaza karibu kilomita 130 kwa chaji, na katika jaribio moja gari lake lilifika kilomita 340. Majaribio ya namna hiyo yalifanywa pole pole, kwenye njia nzuri, na dereva mwenye subira. Gari lenyewe lilikimbia kilomita 32 kwa saa. Kumaliza hata hizo 130 kungekuchukua saa nne ndani ya kibanda cha vioo, na mwenye gari hili alikuwa anakwenda sokoni, kanisani na kwa rafiki. Umbali wa ziada ulikuwa wa kujivunia tu.

Mstari wa nne haukutajwa sana na wauzaji wa Edison. Ili upate yuniti 10 za kutembelea, betri ya risasi iliomba yuniti 13 hivi kutoka ukutani. Ya Edison iliomba 16 au 17. Zilizopotea zilitoka kama joto na kama gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo si ya mchezo. Januari 1916 manowari ya Marekani E-2 iliyofungwa betri za Edison ililipuka bandarini Brooklyn na kuua watu. Gari ni wazi kuliko manowari, lakini gereji lililofungwa madirisha usiku wa kuchaji lilihitaji akili. Gesi kutoka kwa wingi ina maana ya pili pia: maji yanaisha haraka, na ni lazima yawe maji yaliyotoneshwa.

Sasa utunzaji, ambako naona ndiko kesi inakoamuliwa. Betri ya risasi ina adui mmoja mkubwa, nalo ni uzembe. Iache imeisha, na ndani ya wiki chache fuwele ngumu za salfeti zitafunika sahani. Ukija kuichaji haipokei. Ichaji kupita kiasi, rojo linalegea. Ipunguzie maji, sehemu ya juu ya sahani inakauka na kufa. Lakini ina uaminifu mmoja mzuri: inakueleza hali yake. Chovya haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, vuta asidi, soma. Karibu 1.28 imejaa, ikishuka 1.15 rudi nyumbani. Kila seli inasema peke yake, kwa hiyo fundi anaijua mgonjwa katikati ya wazima arobaini.

Edison haisemi. Uzito wa maji yake haubadiliki kati ya kujaa na kuisha, hivyo haidromita haina faida, na volti zinashuka taratibu bila dalili ya wazi. Ndiyo sababu magari yenye betri hii yalihitaji mita ya ampea-saa, Sangamo ikiwa maarufu zaidi, yenye mshale unaohesabu kilichoingia na kilichotoka. Kwa upande mwingine unaweza kuifanyia karibu dhambi zote. Imalize hadi mwisho, iache msimu mzima, ichaji kinyume kwa bahati mbaya, igusanishe waya: ukiichaji vizuri inarudi. Inadai tu maji, usafi, na kubadilishiwa alikali baada ya muda, kwa kuwa alikali hiyo hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kudhoofika.

Lipo jambo lingine linalopita kimya kwenye maelezo ya wauzaji: kubusti mchana. Ya risasi inapokaribia kujaa lazima mkondo upunguzwe, la sivyo inachemka. Ya Edison ilichajiwa saa saba kwa kawaida, lakini wakati dereva anakula chakula cha mchana ungeweza kuisukumia mkondo mkubwa, mradi joto la maji lisipande mno. Kwa gari la abiria hilo halina maana. Kwa lori la mizigo lenye zamu mbili ni tofauti kati ya kumaliza kazi na kulala njiani.

Nani achukue ipi

Mama wa mjini, au daktari mwenye kuzungukia wagonjwa karibu, aliye na gereji mtaani inayochaji gari usiku na kumrudishia asubuhi: chukua risasi. Huna safari ndefu, una fundi anayechungulia seli kila wiki, na dola 600 zako zinabaki mfukoni. Hata mke wa Henry Ford, Clara, alitembelea Detroit Electric, naye hakukosa mtu wa kumtazamia betri.

Mwenye nyumba ya majira ya joto anayeliacha gari miezi sita: Edison bila kufikiri mara mbili. Kununua sahani mpya za risasi kila masika kungekula zile 600 upesi. Ila kama nyumba hiyo iko kaskazini ambako theluji inalala, na gari litatumika wakati wa baridi katika banda lisilo na joto, rudi kwenye risasi. Seli ya Edison iliyopoa inaweza kuwa imejaa na bado isikupandishe kilima.

Kampuni ya malori: hesabu kwa miaka, si kwa bei ya dukani. Lori linatembea kila siku, barabara za mawe, madereva watatu tofauti, hakuna anayelipenda. Hapo ndipo chuma cha Edison kinapolipa. Betri iliyogharimu dola mia kadhaa zaidi na kudumu miaka kumi ni nafuu kuliko ile inayofunguliwa kila mara huku lori limesimama na mishahara inaendelea. Ironclad iliipunguza tofauti hii, na kampuni yenye karakana yake na fundi mzuri iliweza kabisa kukaa na risasi. Kampuni isiyo na fundi isijaribu.

Na kulikuwa na jibu la tatu, ambalo binafsi ningelichagua kama ningekuwa na duka la bidhaa Connecticut: usinunue betri kabisa. Kuanzia 1910 kampuni ya umeme ya Hartford iliruhusu mtu anunue lori la General Vehicle bila betri. Betri zilikuwa za kampuni. Ulilipa ada ya mwezi na kiasi fulani kwa kila maili, na betri yako ikiisha unabadilishiwa nyingine iliyojaa. Mpango ulidumu hadi 1924 na malori yake yalitembea zaidi ya maili milioni 6. Mwenye lori alinunua mwendo, kampuni ikabaki na kichwa cha kuumwa. Vijana wanaoendesha pikipiki za umeme Kigali na Nairobi leo, wakiingia kituoni kubadilisha betri na kuondoka, wanatumia mpango huohuo.

Mnunuzi ambaye hakuwa na gari la umeme

Huku watu wa umeme wakibishana, swali lilikuwa linabadilika chini yao. Gari la petroli liliwashwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi kinyume ilivunja mkono. Cadillac ya mwaka 1912 ilikuja na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering wa Delco, na betri yake ilitengenezwa na Electric Storage Battery Company. Ya risasi.

Kwa nini si ya Edison, iliyokuwa imara zaidi? Kwa sababu kazi imegeuka. Stata haitaki umeme mwingi, inataka umeme wa ghafla: ampea nyingi mno kwa sekunde chache, halafu basi, dainamo inarudishia taratibu mnapotembea. Hapo kinachohesabika ni jinsi betri inavyojizuia yenyewe ndani. Seli ya risasi inaachia mkondo mkubwa huku volti zikishuka kidogo tu. Ya Edison ina ukinzani mkubwa wa ndani. Ukiidai mkondo wa stata volti zinaanguka, na asubuhi ya baridi zinaanguka zaidi. Isitoshe betri ya stata haimalizwi hata siku moja na huchajiwa muda wote gari linapotembea, yaani yale maovu yote yanayoua risasi, kuachwa tupu na kuzungushwa kila siku hadi chini, hayapo. Na bei ni ndogo. Kwa mnunuzi huyu hakuna mjadala: risasi.

Ford na Edison, marafiki, walijaribu bado. Mwaka 1913 na 1914 yalitengenezwa magari ya majaribio ya Ford ya umeme, magazeti yakaandika, lakini hayakufika sokoni. Kila gari la petroli lililouzwa na stata liliuza pia betri ya risasi, kwa hiyo viwanda vya risasi vilikua kwa mgongo wa mshindani wa gari la umeme.

Betri ya Edison haikufa pamoja na gari lake. Ilikwenda kwenye migodi, taa za treni, ishara za reli na forklifti, kila mahali ambapo kitu kinatumika kwa miaka bila kupendwa na mtu. Mwaka 1972 kiwanda kilinunuliwa na watengenezaji wa Exide, wapinzani wake wa tangu mwanzo, na mwaka 1975 uzalishaji ukafungwa.

Betri za nikeli na chuma bado zinatengenezwa kwingineko na kuuzwa kwa watu wa sola, kwa hoja zilezile: inadumu, inavumilia kuachwa tupu. Hoja za kuipinga nazo ni zilezile. Inapoteza umeme mwingi wakati wa kuchaji, na paneli zako zitalipa hasara hiyo, inakunywa maji, inatoa gesi, kwa hiyo haifai chumba cha kulala. Mwenye mfumo mdogo wa taa na televisheni hana sababu ya kuitafuta. Mwenye mfumo mkubwa mahali pasipo fundi, mwenye paneli za kuzidi na aliye tayari kuongeza maji mara kwa mara, anaweza kuifikiria. Akiinunua, anunue pia bomba lake la kujazia na funeli yake, visiwahi kugusa asidi: mabaki ya asidi kutoka kwenye betri ya gari yakiingia ndani ya seli hizi yanaharibu kile ambacho miaka ya kuachwa tupu isingekiharibu.